Kai-skwea kwa wanaoandika disatesheni na ripoti: usiandike "kuna uhusiano" kabla hujapita kwenye huu uzi

Mtakwimu_Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine wote popote mlipo habari zenu.

Msimu wa disatesheni ndo huu umefika, ukipita jioni kwenye stationery za karibu na vyuo unakuta vijana wamejazana na flashi zao, huyu anaprinti yule anabaindi, na mimi kwa hii kazi yangu ya kuchakata data napokea mafaili kila wiki. Sasa kuna kitu kinajirudia na kinaniuma sana. Karibu kila sura ya nne ina jedwali la kai-skwea na chini yake sentensi ileile, "p ni ndogo kuliko 0.05 kwa hiyo kuna uhusiano", halafu sura ya tano inaruka moja kwa moja kwenye mapendekezo serikali iongeze hiki wadau wafanye kile. Ukimuuliza mwenye kazi ile namba 7 point ngapi imetoka wapi hajui, anasema SPSS, ile programu ya takwimu, ndo imetoa. Mtu amezunguka vijijini na jua la Dodoma wiki tatu na madodoso mgongoni halafu kilichotoka humo hakielewi, inasikitisha jamani.

Kwa hiyo leo naiweka hapa taratibu, mwenye swali aulize.

Kai-skwea tunaitumia pale variabo zako zote mbili ni za makundi. Ndiyo au hapana, mke au mume, kijiji A au B au C. Swali linaloulizwa ni moja tu: kama hivi vitu viwili havihusiani kabisa, jedwali langu lingekaaje? Na hili nililokuja nalo kutoka field limeachana na hilo kwa kiasi gani? Basi, mengine yote ni hesabu.

Nawapa mfano, namba nimezitunga mwenyewe ili zihesabike kirahisi, msije mkazinukuu popote. Tuseme umehoji wakulima 200 wa alizeti wilaya ya Kongwa, ukawauliza vitu viwili: msimu uliopita ulitembelewa na afisa ugani? na ulipanda mbegu bora au za kienyeji? Ukapata hivi:

Waliotembelewa: mbegu bora 48, kienyeji 32, jumla 80
Wasiotembelewa: mbegu bora 48, kienyeji 72, jumla 120
Jumla: mbegu bora 96, kienyeji 104, wote 200

Waliotembelewa asilimia 60 wamepanda mbegu bora, wasiotembelewa asilimia 40. Jicho linaona kuna tofauti. Lakini hata kama kutembelewa hakuhusiani na mbegu bado ungeweza kupata tofauti kidogo kwa bahati tu, kwa sababu umechukua watu 200 na siyo wilaya nzima. Ndo hapo kai-skwea inaingia.

Unatafuta kwanza idadi tarajiwa ya kila seli, yaani kila kisanduku cha jedwali, unachukua jumla ya mstari mara jumla ya safu gawanya kwa wote. Waliotembelewa wakapanda mbegu bora: 80 mara 96 gawanya 200 unapata 38.4. Maana yake ni hii, kwenye sampuli nzima wenye mbegu bora ni asilimia 48, kwa hiyo kama ziara ya afisa haina uhusiano na mbegu hata hao 80 asilimia 48 yao ndo wangepaswa kuwa na mbegu bora, ndo hiyo 38.4. Sisi tumehesabu 48. Tofauti 9.6. Seli nyingine zinatoka 41.6 na 57.6 na 62.4, na tofauti kote ni 9.6 ileile.

Sasa kila tofauti unaizidisha kwa yenyewe halafu unagawanya kwa idadi tarajiwa ya seli hiyo. 9.6 mara 9.6 ni 92.16. Gawanya 38.4 unapata 2.4, gawanya 41.6 unapata 2.215, gawanya 57.6 unapata 1.6, gawanya 62.4 unapata 1.477. Jumlisha: 7.692. Hiyo ndo kai-skwea yako, umeipata kwa kalamu na simu ya tochi.

Digrii za uhuru ni mistari toa moja mara safu toa moja, hapa ni 1. Kwenye kiwango cha 0.05 mpaka ni 3.841, yetu imeuvuka vizuri. P, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kwa bahati tupu kama vitu havihusiani, inakuja kama 0.006. Kwa hiyo tofauti kama hii isingetokea kirahisi kwa bahati tupu kama hivi vitu viwili havihusiani. Hapo ndo mwisho wa kazi ya kai-skwea. Haijasema uhusiano ni mkubwa au mdogo, wala haijasema nani kasababisha nini.

Naomba mfanye hii hesabu kwa mkono hata mara moja tu kabla ya kufungua kompyuta.

KijanaWaNgongona

Mkuu ubarikiwe sana, mimi ndo mmoja wao, nipo mwaka wa tatu na topiki yangu haiko mbali na huo mfano wako. Nimefanya kwa mkono nikapata 7.692 kama ulivyosema. Ila nimeingiza kwenye programu ya R imenipa 6.91, nikamwomba rafiki yangu aingize kwenye SPSS ikamtolea zote mbili, 7.692 na 6.912. Sasa ipi ya kuandika?? Supavaiza akiuliza nitasema nini

Mtakwimu_Nkuhungu

Swali zuri sana kaka na wengi linawatisha. Hakuna iliyokosea hapo. Jedwali likiwa la mbili kwa mbili kuna marekebisho yanaitwa ya Yates, aliyaleta Frank Yates mwaka 1934, unapunguza 0.5 kwenye kila tofauti kabla ya kuizidisha. Kwa hiyo badala ya 9.6 unatumia 9.1 na jibu linashuka hadi 6.912. R yenyewe ikiona jedwali la mbili kwa mbili inayaweka hayo marekebisho bila kukuuliza, ukitaka isiyaweke unaiandikia correct=FALSE. SPSS inakupa mstari wa juu wenye jina la Pearson, aliyeianzisha kai-skwea, ambao ni 7.692 halafu chini yake wenye marekebisho.

Wataalamu wengi wanaona marekebisho ya Yates yanabana kupita kiasi, na mimi kwa sampuli kama yako natumia ya Pearson. Cha msingi useme umetumia ipi, na usichague baada ya kuona ipi imekupendelea. Kwa mfano wetu zote zinavuka mpaka, p ni 0.006 kwa moja na 0.009 kwa nyingine, kwa hiyo hitimisho halibadiliki.

Na tafadhali sana, SPSS ikikuandikia .000 usiinakili hivyohivyo ukasema p ni sawa na sifuri. Imekata tu desimali. Andika p ni ndogo kuliko 0.001.

Zabibu_Za_Hombolo

mi nauliza kitu cha kizembe labda, hizo digrii za uhuru kwanini ni 1 wakati seli ziko nne? nilikariri fomula nikafaulu mtihani ila sijawahi kuelewa

Mtakwimu_Nkuhungu

Siyo cha kizembe hata kidogo dada, hicho kitu kiliwachanganya mpaka wenyewe waliokianzisha.

Chukua lile jedwali, zifute seli zote nne ubakize jumla za pembeni tu, 80 na 120, 96 na 104. Sasa mwambie mtu ajaze. Akishaandika 48 kwenye seli ya kwanza basi hana tena uhuru, ya pembeni yake lazima iwe 32 ili itimie 80, ya chini lazima iwe 48 ili itimie 96, na ya mwisho lazima 72. Seli moja tu ndo ilikuwa huru. Hiyo ndo digrii moja. Jedwali likiwa la tatu kwa nne unakuta sita ndo huru, zilizobaki zinajijaza.

Kai-skwea aliileta Karl Pearson kule Uingereza mwaka 1900, lakini kwenye majedwali kama haya yeye alihesabu seli zote toa moja, maana yake mbili kwa mbili ingekuwa digrii 3. Mwaka 1915 watakwimu wawili, Major Greenwood na Udny Yule, walikuwa wanachambua data za chanjo za homa ya matumbo na kipindupindu wakaona majibu hayaoani na njia nyingine ya kuhesabu kitu hichohicho. Mwaka 1922 ndo Ronald Fisher akaonesha kwamba ni mistari toa moja mara safu toa moja, na Pearson hakulikubali kirahisi, waligombana sana.

Sasa angalia uzito wake. Kwa digrii 3 mpaka ni 7.815. Yetu ni 7.692. Yaani kwa hesabu ile ya mwanzo wakulima wetu walewale 200 tungewaandikia hakuna uhusiano. Ndo maana nawaambia msikariri.

Binti_Kondoa

Habari zenu, naomba msaada wadau nimekwama kweli. Mimi nafanya nishati ya kupikia, kiwango cha elimu cha mama wa nyumba na anachopikia. Elimu nimeweka makundi manne, hakusoma, msingi, sekondari, chuo, na nishati kuni, mkaa, gesi. Kaya 60. SPSS imeniletea kai-skwea signifikanti ila chini ya jedwali kuna kamaandishi kadogo kanasema seli 7 sawa na asilimia 58.3 zina idadi tarajiwa chini ya 5. Mwenzangu kaniambia nikakate hako kamaandishi nikiweka kwenye ripoti maana kanaleta maswali. Roho yangu inakataa

Mtakwimu_Nkuhungu

Roho yako iko sahihi dada, usikakate!! Hako kamaandishi ndo sehemu muhimu kuliko yote kwenye hilo jedwali lako.

Mpaka tunaosoma kwenye kitabu, ule 3.841 na wenzake, unatokana na mkunjo laini ambao unafanana na ukweli pale tu seli zina watu wa kutosha. Idadi tarajiwa ikiwa mbili au moja na nusu, mtu mmoja tu akihama seli kai-skwea inaruka juu, kwa hiyo ile p huwezi kuiamini. Kanuni inayotumika sana ni ya Cochran ya mwaka 1954, seli zenye idadi tarajiwa chini ya 5 zisizidi asilimia 20 na isiwepo hata moja chini ya 1. Na angalieni ni idadi TARAJIWA, siyo ile uliyohesabu. Seli ikiwa na sifuri ya kuhesabu lakini tarajiwa yake ni 9 haina shida yoyote.

Wewe una seli 12 na kaya 60, wastani kaya tano kwa seli, na kwa huko vijijini mama mwenye elimu ya chuo anayepikia kuni utampata wapi. Unaweza kufanya hivi: unganisha makundi yanayoingiliana kimaana. Sekondari na chuo vikae pamoja, kuni na mkaa vikae pamoja upande mmoja na gesi upande mwingine, kwa sababu swali lako kama nimelielewa ni nani amehamia kwenye nishati safi. Unabaki na tatu kwa mbili, seli 6, digrii 2, mpaka 5.991. Ila uunganishe kwa sababu ya mantiki ya swali na uiandike hiyo sababu, siyo unajaribu muungano huu na ule mpaka p ishuke. Hiyo ni kujidanganya.

Kama hata baada ya hapo bado seli ni nyembamba kuna jaribio la Fisher la kuhesabu uwezekano wote moja kwa moja bila kutegemea ule mkunjo, SPSS kwa jedwali la mbili kwa mbili inalitoa yenyewe.

Binti_Kondoa

Asante sana kaka. Nimeunganisha hivyo. Sasa hivi idadi tarajiwa ndogo kabisa ni 5.6 na hakuna onyo tena. Ila p imepanda imekuwa 0.09. Kwa hiyo utafiti wangu umefeli?

Mtakwimu_Nkuhungu

Haujafeli!! Dada sikiliza, utafiti unafeli pale unapoandika kisichokuwepo. Wewe andika kwamba kwa kaya hizi 60 ushahidi wa uhusiano kati ya elimu na nishati haukutosha, weka asilimia za kila kundi msomaji azione, useme na udogo wa sampuli. Na usiandike "hakuna uhusiano", kaya 60 haziwezi kuthibitisha hilo. Kutoona ng'ombe kwenye vumbi siyo kwamba ng'ombe hawapo.

Nakwambia hivi kwa uchungu maana yangu mwenyewe ilirudishwa. Kipindi nafanya disatesheni nilikuwa na watu 20 tu kwenye jedwali moja, kumi kwa kumi, sita kwa nne upande huu na nne kwa sita upande ule. Nikachukua asilimia, 60 kwa 40 na 40 kwa 60, nikaziingiza kama ndo idadi. Kai-skwea ikaja 8, nikafurahi nikaandika kurasa mbili za maelezo. Msomaji wa nje akahesabu upya kwa watu halisi akapata 0.8, mara kumi chini, haifiki hata robo ya mpaka. Nilirudia sura mbili nzima na kuhitimu kukasogea. Kai-skwea inakula IDADI YA WATU, asilimia ni za kumwonesha msomaji tu.

mwana_wa_chimwaga

Hii ya asilimia nimeiona hata kwenye ripoti za miradi sio wanafunzi tu. Niongezee nyingine, maswali ya "chagua yote yanayokuhusu". Mtu kachagua kuni na mkaa na gesi, anahesabiwa mara tatu, watu 150 jedwali linasoma 310, halafu kai-skwea inapigwa juu yake. Kila mtu anatakiwa akae seli moja tu basi. Kwa maswali ya namna hiyo kila jibu unalifanya variabo yake, anatumia gesi ndiyo hapana, anatumia mkaa ndiyo hapana, unapima moja moja.

Na ile ya kabla na baada ya mafunzo je mkuu? Naona watu wanaweka kabla safu hii na baada safu hii wanapiga kai-skwea ya kawaida

Mtakwimu_Nkuhungu

Umenena vyema sana. Ya kabla na baada ni kosa lilelile la mtu kuhesabiwa mara mbili. Ukiwa na wakulima 60 uliowahoji kabla na ukawahoji tena baada, una watu 60, siyo 120. Hapo tunatumia jaribio la McNemar, la mwaka 1947, na ni jepesi ajabu. Waliobaki vilevile unawaacha, unaangalia waliobadilika tu. Tuseme 18 walikuwa hawatumii mbegu bora sasa wanatumia, na 6 walikuwa wanatumia wameacha. Toa, 12, zidisha kwa yenyewe 144, gawanya kwa waliobadilika wote 24, unapata 6. Mpaka uleule 3.841. Basi.

AfisaUgani_Bahi

Wakuu nimepita kimyakimya nimesoma yote, mimi siyo mtu wa takwimu ila ni afisa ugani na huo mfano wa mwanzo umenigusa kwa hiyo naomba niseme kitu.

Mnasema waliotembelewa na afisa wamepanda mbegu bora zaidi. Sawa. Lakini mnajua afisa anawatembelea akina nani? Mimi nina vijiji na pikipiki moja, na mafuta siyo kila mwezi yanakuwepo. Kijiji kilicho kando ya lami nafika wiki hii na wiki ijayo, cha ndani huko mvua ikinyesha mto ukajaa naweza nisifike mwezi. Na hukohuko kando ya lami ndo maduka ya pembejeo yalipo, ndo wanunuzi wa alizeti wanapofikia na malori. Huko Kongwa mnakosema mtu wa Kibaigwa ana soko la nafaka mlangoni, ana barabara ya Morogoro inapita, mbegu bora anaiona dukani kila siku hata mimi nisipokanyaga shambani kwake. Sasa hiyo hesabu yenu inanipa sifa mimi au inaipa sifa lami?

KijanaWaNgongona

Duh

Mtakwimu_Nkuhungu

Afisa, hapo umegusa penyewe kabisa. Nimekaa na swali lako usiku wote, na nataka nilijibu kwa namba zilezile ili kila mtu aone.

Chukua wale wakulima 200. Wagawe, waliopo karibu na lami 92 na waliopo ndani 108. Tuseme wamekaa hivi:

Karibu na lami, waliotembelewa 56: mbegu bora 42, kienyeji 14
Karibu na lami, wasiotembelewa 36: mbegu bora 27, kienyeji 9
Vijiji vya ndani, waliotembelewa 24: mbegu bora 6, kienyeji 18
Vijiji vya ndani, wasiotembelewa 84: mbegu bora 21, kienyeji 63

Jumlisha mwenyewe uhakikishe, unarudi kwenye 48, 32, 48, 72 vilevile kama mwanzo. Sasa angalia ndani ya kila kundi. Karibu na lami, aliyetembelewa asilimia 75 mbegu bora, asiyetembelewa asilimia 75. Ndani, aliyetembelewa asilimia 25, asiyetembelewa asilimia 25. Kai-skwea ya kila kundi ni SIFURI kamili. Ule uhusiano wa 7.692 wenye p ya 0.006 umeyeyuka wote, ulikuwa umetengenezwa na lami: kwenye lami afisa anafika zaidi, asilimia 61 dhidi ya 22, na kwenye lami mbegu inapatikana zaidi.

Na hesabu ya mwanzo haikuwa na kosa lolote! Seli zilitosha, digrii sahihi, idadi za watu na siyo asilimia. Kila kanuni niliyowapa hapa ilifuatwa na bado mwanafunzi angeandika sura ya tano kwamba maafisa ugani waongezwe ili mbegu bora zitumike, wakati kwenye data hizi kinachokosekana ni duka na barabara. Siyo kwamba afisa hana kazi Afisa nielewe, huu ni mfano wa kutunga, ukienda field unaweza kukuta uhusiano umebaki hata baada ya kugawa, au umepungua nusu, au hata umegeuka. Lakini hutajua mpaka ugawe.

Kwenye SPSS ni kitendo kimoja tu. Unaingia Analyze, Descriptive Statistics, Crosstabs, unaweka variabo zako mbili kwenye mistari na safu, halafu kile kisanduku cha chini kinachoitwa Layer unaweka ile ya tatu, umbali au kijiji au wilaya. Inakupa jedwali la kila kundi na kai-skwea yake. Kama vitu vya kuangalia ni vingi, umbali na elimu na ukubwa wa shamba kwa pamoja, hapo kai-skwea imeshazidiwa, unaenda kwenye rigresheni ya lojistiki.

Hiki kitu hakuna programu itakwambia. Afisa ametwambia kwa sababu anaendesha ile pikipiki.

AfisaUgani_Bahi

Nimezijumlisha kwa kalamu, kweli zinarudi. Nashukuru sana ndugu. Basi wanafunzi mnapokuja huku msiishie kutuomba orodha ya wakulima na kupiga picha, mtuulize na sisi.

Zabibu_Za_Hombolo

jamani naomba na ya nguvu ya uhusiano, kaka umesema mwanzo kai-skwea haisemi uhusiano mkubwa au mdogo. sasa kinachosema ni nini? kwa sababu mi nimeandika "uhusiano mkubwa sana" kwa vile p yangu ni 0.0003

Mtakwimu_Nkuhungu

Kaibadilishe hiyo sentensi dada kabla hujabaindi. P ndogo inaweza kuletwa na uhusiano mkubwa au na sampuli kubwa tu. Chukua watu 10,000, elfu tano kwa elfu tano, kundi moja asilimia 52 na lingine asilimia 48. Kai-skwea inakuja 16, p iko chini ya 0.001. Lakini tofauti yenyewe ni asilimia nne tu.

Tumia V ya Cramér, Harald Cramér wa Sweden. Kai-skwea gawanya kwa idadi ya watu, gawanya tena kwa idadi ya mistari au safu toa moja, ile iliyo ndogo, halafu tafuta kipeuo cha pili. Inakaa kati ya 0 na 1. Ya hao elfu kumi ni 0.04, karibu na hakuna. Ya wakulima wetu 7.692 gawanya 200 kipeuo chake cha pili ni 0.196, uhusiano upo ila siyo mkubwa. Kwenye SPSS ipo palepale kwenye kitufe cha Statistics unatiki Phi and Cramer's V.

Na jedwali lako likiwa na makundi mengi usiishie kusema kuna uhusiano, wapi? Kwenye kitufe cha Cells tiki Adjusted standardized, seli yenye zaidi ya 1.96 au chini ya kutoa 1.96 ndo iliyoachana na matarajio, andika kuhusu hiyo.

mwana_wa_chimwaga

Na kama kundi lina mpangilio, sikubali kabisa, sikubali, nakubali, nakubali kabisa, kai-skwea haiujui huo mpangilio, ukizichanganya safu jibu ni lilelile. Hapo, kama na variabo ya pili ina mpangilio, kipimo cha Spearman kinachoufuata huo mpangilio kinafaa zaidi. Nimeona niliseme maana madodoso yetu yote ni ya hivyo.

Mtakwimu_Nkuhungu

Kweli kabisa mkuu, asante.

KijanaWaNgongona

Wakuu nimerudi. Tangu jana sijalala vizuri kwa sababu ya hayo ya Afisa. Dodoso langu halikuuliza umbali wa kufika lami, sikuliwazia kabisa. Nilitaka kukata tamaa ila nikaona kwenye kila dodoso juu niliandika jina la kijiji kwa mkono. Ni vijiji sita. Vinne nilifika kwa daladala nikashuka barabarani, viwili nilipanda bodaboda karibu saa nzima. Je naweza kutumia hivyo kama variabo ya tatu au supavaiza atasema nimebuni?

Mtakwimu_Nkuhungu

Hujabuni kaka, kijiji ni data uliyoikusanya. Ongeza safu moja kwenye faili lako, vile vinne viwe 1 na vile viwili viwe 2, na kwenye sura ya tatu uandike waziwazi umeviweka kwa kigezo gani, kwamba kijiji kiko kwenye barabara ya lami au hakiko. Useme pia kwamba uliamua hivyo baada ya kukusanya data, usifiche. Kisha angalia idadi tarajiwa za vile vijiji viwili, huko ndo naogopa watu watakuwa wachache.

Ukimaliza weka majedwali yote mawili hapahapa tuyaone. Weka idadi za watu, asilimia tutazitafuta wenyewe.

KijanaWaNgongona

Sawa mkuu. Vile viwili vina watu 41 kwa jumla. Naingiza sasa hivi kabla umeme haujakatika.